Mwanangu anataka kuruka usiku wa mwezi mpevu ili avume

"Assalamu alaykum. Mwanangu ana miaka 16, yuko fomu tatu. Tangu mwaka jana anaruka makachu, yaani kujitosa baharini kutoka ukutani, pale Forodhani na wenzake, na sikuona ubaya, kwa sababu hata babake na ami zake waliruka pale. Sasa amefungua akaunti ya TikTok. Klipu zake za kuruka zilikuwa zikitazamwa na watu mia mbili, mia tatu. Miezi miwili nyuma akajifanya amezama. Alijificha chini ya maji, wenzake wakapiga mayowe, mzee mmoja mvuvi akajitosa na nguo zake kumtafuta, yeye akaibukia upande wa pili anacheka. Hiyo imetazamwa na zaidi ya watu laki mbili. Tangu hapo chakula hakimpiti, usingizi hana, kutwa simu. Zilizofuata hazikuvuma. Nimemsikia akipanga na wenzake kwamba usiku wa mwezi kumi na tano, saa nne, atapanda nguzo ya taa ukutani aruke kwa kichwa, ili mbalamwezi iipendezeshe video. Nikimkanya ananijibu, 'Mama niachie, nikitoka nitakujengea nyumba.' Babake anataka kuivunja simu. Ami yake anasema mtoto akililia wembe mpe. Jirani anasema kapandwa na shetani wa baharini, nimpeleke akasomewe. Je, haya ni maradhi? Nifanye nini? Na yule mzee mvuvi, mimi naona haya hata kupita Malindi, kwa wavuvi wenzake. Nikamuombe radhi?"

Waalaykum salaam, dada yangu. Nianze na la haraka, maana mwezi haungoji mtu.

Usiku wa kumi na tano, saa nne, hapo Forodhani hakuna maji ya kuruka. Muulize mvuvi yeyote. Kwetu Unguja bamvua, yaani maji kujaa sana na kupwa sana, hupiga mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pamoja na siku moja mbili zinazofuata. Siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi za jioni, kisha hupwa mpaka kufika mwisho wake kwenye saa nne au saa tano za usiku. Kati ya kujaa na kupwa kwa bamvua kuna karibu mita 4. Kwa hiyo mwanao kauchagua usiku wenye mwanga kuliko yote, na saa hiyo maji ni miongoni mwa machache kabisa ya mwezi mzima. Mwezi anaotaka ummulikie video ndio huo huo unaoyavuta maji.

Na maji yakishuka mita 4, ukuta umerefuka mita 4, kabla hata hajaipanda hiyo nguzo. Anayeruka kutoka kimo cha mita 3 huyafikia maji kwa mwendo wa kilomita 28 hivi kwa saa. Kutoka mita 6, mwendo unakaribia kilomita 39. Maji marefu huupunguza mwendo huo kidogo kidogo. Maji ya magotini hayapunguzi kitu. Kichwa hugota chini, kiwiliwili chote kinakuja nyuma yake, na shingo ndiyo inayobanwa katikati. Pingili zikivunjika zikauminya uti wa mgongo, kijana anaweza kubaki hai na akili yake timamu, ila mikono na miguu haimsikii tena. Nimewahi kukaa kando ya kitanda cha kijana wa namna hiyo. Katika mazungumzo ya saa nzima, alilolitaka kwangu mara mbili ni nimkune pua.

Basi kazi ya kwanza ni ya babake, na si ya kuvunja simu. Asubuhi ya siku hiyo hiyo, kwenye saa nne, bahari nayo huwa imepwa. Amchukue mwanawe waende ukutani, wasimame pale pale palipokusudiwa, waangalie chini. Asihubiri. Waangalie tu yale mawe yenye ukoko wa kijani na chupa zilizokwama mchangani, kisha babake amuulize, "Ungetua wapi?" Kijana aliyeruka mwaka mzima ana macho ya kuyapima maji. Tatizo ni kwamba kazoea kuruka laasiri ya maji kujaa, na hesabu hiyo ameikariri kama ya kila saa. Hata laasiri yenyewe hubadilika: wiki moja baada ya bamvua, saa ile ile ya kumi, maji yanaweza kuwa chini kwa zaidi ya mita 2.

Sasa swali lako. Hapana, kupenda kutazamwa si maradhi, na kwa miaka 16 ni jambo la kutarajiwa kama ndevu. Mimi mwenyewe niliruka pale. Kelele za watu waliokaa ukutani na miwa mkononi ukiwa hewani, mpaka leo nikipita nazisikia. Ndugu zetu wa Pemba wana mchezo wa ng'ombe: kijana anamchezea dume kwa kitambaa mbele ya kijiji kizima, na akikwepa vizuri jina lake linazungumzwa barazani hadi msimu mwengine. Sifa imetafutwa kwa hatari tangu zamani, na hatukuhitaji simu kutufundisha.

Lakini pale ukutani tulikuwa na mkubwa wetu mmoja, mtu ambaye jioni hakuwa na kazi nyengine ila kukaa. Akisema "maji madogo", huruki. Na ukikaidi ukaruka, adhabu yake ilikuwa moja tu: watu wote waligeuza nyuso wakatazama majahazi. Uliibuka peke yako kama paka aliyeloa. Hadhira ile ilijua jina lako, ilimjua mamako, na ilijua maji. Ilikupa sifa na ilikunyima, na iliponyima ilikuwa na sababu.

Watu laki mbili wa mwanao hawajui lolote katika hayo. Wengi wao hawajawahi kusikia neno bamvua. Hawawezi kumwambia maji madogo. Wanachoweza ni kutazama au kupitisha kidole, basi.

Hapo ndipo penye mtego, na nataka uuelewe vizuri, kwa sababu ukiuelewa hutamuona mwanao mpumbavu. Fikiria mvuvi wa mshipi. Kama kila akitupa angepata samaki, angeshiba akarudi nyumbani. Kama asingepata kabisa, angekata tamaa akarudi vile vile. Kinachomweka pale mpaka giza ni kutojua: huenda huu ndio utakaovutwa. Mtaalamu wa Marekani, B. F. Skinner, aliyaonyesha haya kwa njiwa katikati ya karne iliyopita. Njiwa waliopata punje kwa bahati, bila ya idadi maalumu ya kudonoa, walidonoa kwa bidii kubwa na walichelewa sana kuacha hata punje zilipokatwa. Baadaye wachunguzi wa ubongo waliona kwamba kemikali iitwayo dopamini, inayotusukuma kukifuata kitu, hupanda zaidi pale malipo yanapotujia bila kutarajiwa. Mwanao alitarajia watu mia tatu, akapewa laki mbili. Klipu ile haikumpa raha tu, ilimfundisha. Na somo lenyewe, kwa bahati mbaya, lilikuwa hili: kuruka vizuri hakulipi, kuwatisha watu kunalipa.

Nilikuwa na kijana mmoja ofisini, tukizungumza mambo ya skuli. Simu ilikuwa juu ya paja lake, na kidole gumba kilikuwa kikivuta skrini kwenda chini, kinaachia, kinavuta tena, ili idadi ijisahihishe. Nilihesabu mara 23 ndani ya nusu saa. Nilipomwambia alishangaa kweli, hakujua kuwa anafanya. Ndiyo maana mwanao halali. Mshipi umo majini usiku kucha.

Umri nao unaongeza. Mwaka 2005 wachunguzi wawili wa Marekani waliwapa watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Walipocheza mbele ya rafiki zao, vijana wa kati ya miaka 13 na 16 walithubutu hatari zaidi sana kuliko walipokuwa peke yao. Kwa watu wazima kutazamwa hakukubadilisha kitu. Na mwaka 2016, katika chuo kikuu cha UCLA, vijana 32 walionyeshwa picha huku ubongo wao ukipimwa. Picha zenye laiki nyingi waliziona nzuri zaidi, ingawa laiki zile walikuwa wamezipanga wachunguzi wenyewe. Walipotazama picha za mambo ya hatari, zile sehemu za ubongo zinazotusaidia kujizuia zilipungua kufanya kazi. Mwanao anapanda nguzo ile na ubongo wa miaka 16, mbele ya rafiki zake na mbele ya laki mbili wa kufikirika.

Methali yasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huku kwenye simu naona kinyume chake: asiposifiwa ndipo anapolizidisha ukali, kwa sababu jana lilisifiwa. Klipu zilizofuata hazikuvuma, basi lazima ya sasa iwe kubwa kuliko kuzama. Bei inapanda na mnunuzi hajulikani.

Haya yamewafikisha watu mbali. Tarehe 24 Oktoba 1901, siku aliyotimiza miaka 63, mwalimu mmoja mjane aitwaye Annie Edson Taylor alijifungia ndani ya pipa akashushwa na maporomoko ya Niagara. Aliogopa uzee wa umaskini, akaamini umaarufu utamlipa. Akatoka hai, na jeraha dogo kichwani. Magazeti yakamwandika. Halafu? Meneja wake akatoweka na pipa, na bibi wa watu akamaliza sehemu ya pesa alizopata akilitafuta. Akaishia kuuza kadi za picha karibu na maporomoko yale yale, na alipokufa mwaka 1921 alikuwa fukara. Mwezi Juni 2017, huko Minnesota, kijana mmoja aliyetaka wafuasi wa YouTube alijiwekea kitabu kinene kifuani na mwenzi wake akakipiga risasi, wakiamini kitabu kitaizuia. Haikuzuilika. Na wachunguzi waliokusanya habari za vifo vya watu waliokuwa wakijipiga picha, kuanzia Oktoba 2011 hadi Novemba 2017, walipata vifo 259 duniani, na kilichoua zaidi kilikuwa kuzama majini. Wengi walikuwa wanaume, na umri wa wastani haukufika miaka 23.

Usimsomee mwanao orodha hii. Vijana huisikia kama changamoto. Nimekuandikia wewe, ujue kwamba hofu yako si ya mama mwenye wasiwasi uliopita kiasi.

Kuhusu hiyo nyumba atakayokujengea, mjibu kwa upole, kwa sababu nia ni njema na pengine ndani yake kuna aibu ya kukuona unahangaika. Lakini muulize hesabu. Laki mbili zile zimemletea shilingi ngapi? Nadhani jibu ni sifuri. Zawadi za laivu kwenye TikTok ni za wenye miaka 18 na kuendelea. Matangazo ya maduka, ambayo ndiyo yanayowalisha wengi, huenda kwa mtu ambaye mwenye duka anaweza kumuamini. Aliyemchezea mzee wa watu kwamba kazama si mtu wa kukabidhiwa biashara ya godoro. Na kama atakwambia watu wote maarufu walijitosa tu, mkumbushe Siti binti Saad. Alitoka Fumba, akiuza vyungu, akaingia mjini, akaimba miaka na miaka mbele ya watu waliojua kuimba na kusikiliza, ndipo mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Nyimbo zikakubalika mitaani kwanza, ng'ambo ikafuata.

Sasa hao washauri wako watatu. Ami yake anaitumia vibaya methali. Wembe humkata mtoto kidole, akajifunza, kidole kikapona. Shingo haina funzo la pili. Babake namuelewa, ila akaunti haimo ndani ya simu. Ukiivunja, kesho ataingia kwa simu ya rafiki, na wewe hutajua tena anapanga nini. Umeusikia mpango huu kwa sababu bado anapanga ndani ya nyumba yako. Hiyo ni mali, usiitupe. Kuhusu kusomewa, hakuna ubaya, Qur-ani ni rehema, na kijana akilala mbele ya sheikh mpole anaweza kutulia. Ninachokataa ni kumwambia kwamba shetani ndiye aliyejifanya amezama. Utakuwa umempa wa kumtwika mzigo wake.

Mimi ningefanya hivi. Usiku simu ilale chumbani kwenu, zote, pamoja na ya babake, isije ikaonekana adhabu ya mmoja. Siku za mwanzo atakuwa mkali. Kwa kawaida usingizi ukirudi, kichwa nacho kinarudi, kwa hiyo vumilieni wiki mbili tatu. Makachu yenyewe msimkataze. Ukimtoa ukutani umemtoa mbele ya hadhira pekee inayojua jina lake, ukamwachia ile ya kwenye simu. Tafuta miongoni mwa warukaji wakubwa mmoja anayemheshimu, uzungumze naye waziwazi. Neno "maji madogo" likitoka kinywani mwa mtu huyo lina uzito kuliko machozi yako, niwie radhi kwa kusema. Na mpe kazi ya kujua: majedwali ya maji kujaa na kupwa yanapatikana, ajifunze kuyasoma, awe yeye anayewaambia wenzake leo saa ngapi kunarukika. Kijana anayetaka kutazamwa huwa radhi pia kusikilizwa.

Ile klipu ya kuzama, wenzangu wengi katika kazi hii ya ushauri watakwambia aifute leo. Mimi singeanzia hapo. Kwake hiyo ndiyo mtaji wake wote, na ukimlazimisha atakuwa na nakala kumi kwa rafiki zake. Lakini kuna jambo lazima aambiwe wazi, na babake ndiye amwambie: siku atakapozama kweli, au mwenzake, wale walioko ukutani watatoa simu wacheke. Wameshafundishwa.

Kuna dalili ambazo ukiziona usingoje ushauri wa maandishi. Akikesha siku kadhaa mfululizo na hachoki, anaongea kwa kasi, anadai ana uwezo ambao watu wengine hawana, au anatumia pesa ovyo, mpelekeni hospitali ya Kidongo Chekundu au Mnazi Mmoja. Mkiwa na jamaa Pemba mwenye hali kama hiyo, Abdalla Mzee pale Mkoani ni pa kuanzia. Akisema hajali akifa, au ukaona kajikata, au umejua anatumia dawa za kulevya, siku hiyo hiyo. Mara nyengine anayeruka pabaya hataki umaarufu. Anataka kutoweka, na kamera ni kisingizio. Muulize moja kwa moja kama amewahi kufikiria kufa. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Na ukigundua kuna mtu mzima mtandaoni anayemtumia pesa na kumtaka picha za faragha, usifute ujumbe wowote, nenda kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachowahudumia waliodhalilishwa, au piga 116, simu ya watoto, bila malipo.

Na kwa wale wote wa ukutani: mtu akigonga kichwa majini, msimvute kwa mikono wala msimgeuze shingo. Mlazeni chali juu ya maji, kichwa, shingo na mgongo vikiwa mstari mmoja, mumshikilie hivyo mpaka upatikane ubao wa kumtolea. Kama hapumui, pumzi kwanza, shingo baadaye. Akitoka mwenyewe lakini analalamika ganzi mikononi au shingo inamuuma, asitembee kwenda nyumbani kulala. Hospitali.

Umebakisha mzee mvuvi. Hapana, usiende wewe kumuombea radhi. Wewe hukuzama. Nenda Malindi umsalimie, umwambie mwanao atakuja, kisha uondoke. Kijana ataenda na babake, lakini babake asimame mbali kidogo, kama pale wanaposhona nyavu. Asipeleke zawadi wala asiandaliwe maneno. Mzee anaweza kumfokea, na akimfokea ni haki yake. Anaweza pia kumwambia alivyohisi alipokuwa chini kule, macho wazi ndani ya chumvi, akipapasa mchanga kutafuta mtoto wa mtu. Nadhani hilo mwanao hajawahi kulisikia, maana klipu inaishia pale yeye anapoibuka. Siku hiyo simu ibaki nyumbani.